Ziwa limefika mlangoni, dagaa nao wamepungua: hii yote ni barafu ya huko Ulaya?

*"Mtaalamu habari za kazi. Mimi niko Kigoma, upande wa Ujiji, nyumba ya marehemu baba iko karibu na mwalo. 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yaliingia mpaka sebuleni tukahama miezi kadhaa, yakarudi kidogo tukarudi na sisi, ila saivi yako kama hatua ishirini tu toka ukutani na sakafu ya chumba cha nyuma inatoa majimaji yenyewe hata mvua isiponyesha. Vijana wanasema ni barafu za dunia zinayeyuka ndo maana maziwa yote yanajaa, wengine wanasema Wakongo wameziba mto Lukuga, na mama yangu ambaye ni mtu mzima sana anasema mwaka wa Muungano ziwa lilifanya hivihivi na likarudi lenyewe, kwa hiyo hahami ng'o. Halafu cha ajabu maji yameongezeka ila dagaa wamepungua, wakati akili ya kawaida inasema maji mengi samaki wengi. Mdogo wangu anataka tukope tununue kipe cha pili, yaani chombo kingine cha kuvulia dagaa. Nikarabati nyumba, nihame, au nisubiri? Na huo mkopo?"*

Ndugu yangu, pole sana. Najua nyumba ya marehemu baba haipimwi kwa bei ya tofali, na najua kumwambia mama mtu mzima ahame sio jambo la kumaliza kwa simu. Umeuliza maswali manne kwa mpigo na yote yanaungana mahali fulani, kwa hiyo nivumilie nitazunguka kidogo kabla sijafika kwenye nyumba. Ila kitu kimoja hakisubiri mzunguko, nacho ni hiyo sakafu inayotoa maji. Kama nyumba ni ya tofali za udongo au za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na unaona nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha, au ukuta umevimba kwa chini, au mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unagoma, basi mama asilale chumba hicho leo, na wewe usilale. Watu wengi wanadhani ukuta unaanguka maji yakiwa yameingia ndani, kumbe mara nyingi unaanguka maji yakishatoka, udongo ukianza kukauka na kusinyaa huku msingi umeshalegea. Tafuta fundi wa ujenzi anayeaminika aje aangalie kwa macho, mimi kwa maandishi siwezi kuona ukuta wako. Na umeme wa chumba hicho ukatwe na watu wenye kazi yao, usijaribu mwenyewe umesimama kwenye unyevu.

Sasa barafu. Hili nalisikia kila mahali na sikulaumu, kwa sababu kwenye taarifa za habari picha ni ileile siku zote, pande la barafu linaanguka baharini halafu sauti inasema maji yanaongezeka duniani. Ni kweli kabisa, ila maji hayo yanaongezeka baharini. Ziwa Tanganyika halipo baharini, lipo juu, kwenye mita 770 na ushee toka usawa wa bahari. Barafu yote iliyopo duniani, ya Greenland, ya Antaktika, ya kila mlima, ikiyeyuka siku moja hadi tone la mwisho, bahari inapanda kama mita 65 hadi 70. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar wangekuwa na kilio kisichosemeka, lakini wewe Ujiji ungekuwa bado mita 700 juu ya hayo maji. Maji hayapandi mlima kukufuata.

Na Kilimanjaro je, maana kuna wanaosema theluji ya kwetu ndo imeshuka? Theluji ya Kilimanjaro ni kweli inaisha, mwaka 1912 barafu ya kule juu ilikuwa na ukubwa wa kama kilometa za mraba 12 na siku hizi haifiki hata 2. Ila maji ya mlima ule yanaelekea mto Pangani na Bahari ya Hindi, hayana njia ya kuja Kigoma. Na hata huko Moshi kwenyewe mito inategemea zaidi mvua na ule msitu wa mlimani kuliko barafu. Kwa hiyo barafu tuiweke pembeni, ziwa lako halina hata kipande kimoja kwenye ukoo wake.

Basi maji yametoka wapi? Yametoka juu kama yanavyotoka siku zote, ila safari hii yalikuja mengi kwa miaka iliyofuatana. Fikiria karai kubwa lenye katundu kadogo ubavuni karibu na mdomo. Yanayoingia ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, pamoja na mito, Malagarasi kwa kwetu, Rusizi inayotoka Ziwa Kivu na kuingilia upande wa Burundi, Luiche hapo jirani na nyinyi, na vijito visivyo na idadi. Watu wengi hawaamini nikisema kwamba mvua inayodondoka ziwani yenyewe ni nyingi kuliko mito yote ukiijumlisha, lakini angalia ukubwa wa ziwa, kilometa za mraba karibu 33,000, lazima litakinga mvua nyingi. Yanayotoka yana njia mbili tu, kupanda juu kama mvuke kwa jua na upepo, na kale katundu, yaani mto Lukuga pale Kalemie upande wa Kongo. Na hapa watu wanashangaa tena, kama sehemu tisa kwa kumi za maji yanayotoka zinatoka kwa mvuke. Lukuga ni mchango mdogo sana.

Ukishaelewa hapo utaona kwa nini ziwa linaweza kukugeuka haraka. Juu ya ziwa inanyesha kama mita moja na kidogo kwa mwaka. Mwaka wa kawaida hiyo pamoja na mito inakaribiana na mvuke pamoja na Lukuga, ziwa linapanda msimu wa mvua mpaka kama mwezi wa tano, halafu linashuka kiangazi, tofauti yake iko kati ya nusu mita na mita moja, nyie wa mwaloni mnaijua hiyo kuliko mimi. Sasa mvua ikizidi kwa robo tu, hapo una sentimita 25 na zaidi kwa yale ya moja kwa moja peke yake. Na mito haiongezeki kwa robo, inaongezeka zaidi, kwa sababu ardhi ikishashiba maji haimezi tena, kinachonyesha kinateremka chote, na pale milima ilipokatwa miti ndo kinateremka mbio zaidi. Wakati huohuo mawingu na hewa yenye unyevu vinapunguza mvuke. Kwa hiyo kuingia kumepanda na kutoka kumeshuka kwa pamoja, na katundu ka Lukuga hakawezi kufanya kazi ya kuokoa. Mwaka unaofuata ziwa halianzii sifuri, linaanzia pale lilipoishia. Hicho ndo kilichotokea kwenu, mvua kubwa za mwisho wa 2019, maji yakapanda mpaka 2021, yakatulia kidogo watu wakapumua, halafu mvua za 2023 kuingia 2024 zikamalizia.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingia hapo kwenye mvua. Bahari ya Hindi ina kawaida yake ya kupinduka, miaka mingine upande wa Indonesia ndo wenye joto zaidi na miaka mingine upande wetu wa Afrika. Upande wetu ukipata joto, mvua za vuli zinakuwa sio za kawaida. Ilitokea 1961, ikatokea 1997, na 2019 ikaja kali kuliko ilivyoonekana kwa miongo mingi, na 2023 ikaja tena imeambatana na El Niño. Kawaida hiyo ipo toka zamani, hatukuitengeneza sisi. Tulichofanya ni kuipashia bahari moto kwa jumla, na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mzigo ule ule wa mawingu unakuja umejaa zaidi. Nisikudanganye kwamba kila tone lililoingia sebuleni kwako ni la mabadiliko ya tabianchi, hakuna mtaalamu mwaminifu atakayekwambia hivo. Ninachoweza kusema ni kwamba miaka ya aina hii inatazamiwa kuja kwa karibu zaidi kuliko zamani, na kwa mtu anayejenga ufukweni hilo ndo la muhimu.

Na sio kwenu peke yenu. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho halikuwa limekigusa toka 1964, na Kenya kule Baringo, Bogoria, Nakuru mpaka Turkana maji yamemeza shule, zahanati na mashamba. Bujumbura nao unawajua, Gatumba kumekuwa kama sehemu ya ziwa, mwezi wa nne 2024 serikali ya Burundi ikabidi iombe msaada nje. Kuna atakayekuuliza mbona Ziwa Chad lilinywea likabaki robo ya robo miaka ya sabini na themanini, kama joto linajaza maziwa? Jibu ni kwamba joto halina amri moja kwa maziwa yote. Linachochea mvua na linachochea mvuke, na ziwa linajaa au linakauka kutegemea nani kashinda pale lilipo.

Tuje Lukuga. Hili la Wakongo kuziba mto linanikera kidogo, sio kwako, kwa hao wanaolisambaza, maana linageuza mvua kuwa ugomvi wa majirani. Mchanga na majani kwenye mdomo wa Lukuga ni jambo la kweli, yapo, na nchi zinazozunguka ziwa wanalizungumza. Lakini piga hesabu na mimi. Milimita moja tu ya Ziwa Tanganyika, unene wa kucha, ni lita bilioni 33. Ukitaka kushusha mita moja unazungumzia mara elfu moja ya hapo, na maji hayo yapite kwenye mto mmoja ambao nao una watu wanaoishi kando yake. Ukisafisha Lukuga vizuri utasaidia miaka kwa miaka, hutaokoa nyumba msimu huu. Halafu watu wamesahau haraka sana, miaka ya 2000 kelele ilikuwa kinyume, ziwa lilikuwa linashuka, meli zinapata shida bandarini, na mazungumzo yalikuwa ni ya kujenga kizuizi Lukuga ili maji yasitoke!

Na Lukuga kweli iliwahi kuziba, ila sio leo. Cameron, mpelelezi mmoja Mwingereza, alipofika pale 1874 aliukuta umesongwa na majani na magugu, maji yanapita kwa shida. Ziwa likaendelea kupanda mpaka kama 1878, likavunja lile tope, na mwaka 1879 mmisionari Edward Hore aliyekuwa anakaa hapohapo Ujiji akaukuta mto unatiririka kwa nguvu. Baada ya hapo ziwa likashuka kama mita kumi kwa miaka kumi na tano hivi. Mita kumi! Ndo maana ukienda pale penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana 1871, unashangaa mbona ufuko uko mbali. Sehemu ya ardhi ambayo Ujiji ya leo imejenga ilikuwa ya ziwa, na ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko hati ya kiwanja.

Sasa mama. Mwambie mtaalamu kasema hajakosea, na mwambie hivyo kwanza kabla ya yote. Mwaka wa Muungano, 1964, ziwa lilipanda sana kwa mvua zilizoanza 1961, ni kweli, na ni kweli lilirudi. Kitu ambacho kumbukumbu ya utotoni inakifupisha ni muda. Halikurudi msimu ule wala uliofuata, lilishuka polepole kwa miaka, huku likipanda na kushuka njiani. Nilikosea hapo mimi mwenyewe, nikwambie ukweli. 2022 jamaa yangu mmoja aliniuliza kama maji yameisha, nikaangalia mstari unashuka nikamwambia naona yanaelekea kurudi, akapiga lipu upya, akaweka vigae. 2024 vigae vilikuwa chini ya maji. Hakunilaumu, ila toka siku hiyo nikiulizwa "yatarudi lini" najibu kwamba yatarudi, lakini lini ni swali la mvua ambazo bado hazijanyesha.

Hilo la majimaji ya sakafuni lina maelezo rahisi na ndo litakupa picha ya uamuzi. Udongo wa ufukweni ni mchanga, na ndani ya mchanga kuna maji yanayolala usawa uleule wa ziwa au juu yake kidogo. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi nayo yanapanda, yanakuja chini chini mpaka yanagusa msingi wako hata kama mawimbi yako hatua ishirini. Kwa hiyo viroba vya mchanga mnavyopanga mbele ya nyumba vinasaidia kupunguza nguvu ya mawimbi tu, havizuii ziwa, maji yanapita chini yake. Na kwa sababu hiyohiyo choo cha shimo na kisima cha jirani sasa vinaongea. Maji ya kisima hicho chemsheni au wekeni dawa bila kujali yanang'aa vipi, na mtu akianza kuhara majimaji kama ya mchele mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, msisubiri kupambazuke, kipindupindu kinamaliza maji ya mwili kwa masaa. Na watoto wasioge kwenye matete yaliyofurika, mamba na viboko nao wamehamishwa makazi wanatafuta pa kukaa.

Kuhusu nyumba, kabla hujatoa hata shilingi ya saruji fanya kitu hiki. Mchukue fundi mwenye mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani wanaotumia kusawazisha msingi, upime sakafu yako iko juu kiasi gani kutoka usawa wa maji ya ziwa siku hiyo, siku ambayo limetulia asubuhi. Ziwa lenyewe ni pima maji kubwa kuliko zote. Andika tarehe na hiyo sentimita. Halafu nenda ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, wapo hapohapo Kigoma, waombe kimo cha ziwa cha siku hiyo na kimo cha juu walichowahi kuandika. Tofauti ya namba mbili hizo ukiilinganisha na sentimita zako itakwambia sakafu yako iko juu au chini ya rekodi. Kama iko chini ya rekodi, ukarabati wowote wa ndani ni kupaka rangi mtumbwi unaovuja. Kama iko juu kwa nusu mita tu, bado mawimbi ya upepo na yale maji ya chini kwa chini yatakusumbua. Ikiwa juu kwa mita moja na nusu au mbili, hapo tunaweza kuongea habari za kuinua sakafu na kujenga msingi wa mawe.

Kwa ulivyoeleza, maji yalishaingia sebuleni, kwa hiyo jibu unalijua kama ninavyolijua. Kujenga upya palepale siwezi kukushauri, kuinua msingi juu ya mchanga ulioshiba maji ni gharama ya kutafuta ugomvi na ziwa, na kuna jambo la sheria pia, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, na ukingo umehama umekufuata, kwa hiyo nyumba ambayo baba aliijenga mbali leo inaweza kuhesabika iko ndani. Nenda na nyaraka za baba kwa afisa ardhi wa halmashauri, uulize hadhi ya kiwanja na kama kuna utaratibu wowote wa viwanja kwa walioathirika, pata jibu kwa maandishi. Usiuze kwa hasira kwa mtu anayekuja na pesa taslimu ya haraka, na usinunue kiwanja cha bei chee bondeni karibu na Luiche, utakuwa umekimbia ziwa ukaenda kulala njiani kwa mto. Kwa ninavyoona mimi, panga au jenga kadogo juu, sehemu ya mwinuko, hata vyumba viwili, na hapo ufukweni pabaki pa kazi, banda la nyavu na kuanikia, vitu ambavyo maji yakija unavibeba. Mama aambiwe anahamia juu kwa msimu wa mvua. Misimu ikifuatana atazoea, au ziwa litarudi kama anavyosema, na katika yote mawili atakuwa mzima.

Nimekuja kwenye dagaa, na hapa ndo swali lako zuri kuliko yote, maji mengi samaki wachache. Akili ya kawaida inakosea kwa sababu inahesabu maji wakati inatakiwa ihesabu chakula.

Ziwa lenu lina kina cha mita 1,470, hakuna ziwa lenye kina zaidi ya hapo duniani ukiacha Baikal la Urusi. Lakini samaki wanaishi kwenye ngozi ya juu tu, kama mita mia hivi upande wenu wa kaskazini na zaidi ya hapo kusini, chini ya hapo hakuna oksijeni kabisa. Na rutuba, yaani mabaki ya kila kilichokufa, inazama inakwenda kukaa huko chini. Chukua sufuria ya maharage ya Kigoma yenye mawese ya kutosha, likitulia mawese yanakaa juu na maharage yanalala chini. Mtu wa juu anakula mafuta tu mpaka mwiko ukoroge. Mwiko wa ziwa ni upepo wa kusi, ule wa mwezi wa tano mpaka wa tisa, unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, Kasanga na Mpulungu, maji ya chini yenye rutuba yanapanda kujaza nafasi, halafu ziwa zima linayumba kama maji kwenye ndoo iliyobebwa kichwani. Rutuba ikipanda vimea vidogo vya kijani vinaota, vidudu vinavila, dagaa wanakula vidudu, migebuka wanakula dagaa, na nyinyi mnakula wote.

Maji ya juu ya ziwa yana nyuzi kama 24 hadi 28, ya chini kabisa yana 23 na kidogo. Tofauti ni ndogo, ila kwenye maji ya uvuguvugu kama yetu nyuzi chache zinatenganisha tabaka kwa nguvu kuliko zinavyofanya kwenye ziwa la baridi la Ulaya. Sasa joto la dunia limeongeza kama nyuzi moja hivi kwenye maji ya juu kwa muda wa karne moja, na ya chini hayajapata kiasi hicho. Mawese yamekuwa magumu kuchanganyika, mwiko ni uleule au umelegea, na maharage yanabaki chini. Utafiti uliotoka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa vimea hivyo ulikuwa umepungua kwa kama asilimia 20, na hiyo ikimaanisha samaki kupungua kwa kama asilimia 30. Watafiti wengine 2016 walichimba matope ya chini ya ziwa wakahesabu mabaki ya samaki ya tabaka kwa tabaka, wakakuta samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa nyavu za kisasa haujaanza miaka ya 1950, na kwamba sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 toka 1946. Ziwa kupanda mita moja au mbili juu ya kina cha 1,470 hakubadilishi hayo, ni kuongeza maji kwenye sufuria bila kuongeza maharage.

Lakini sitaki mtu atoke hapa akasema basi sio sisi, ni joto. Ni joto na ni sisi. Chakula kikipungua halafu vipe vikaongezeka, taa za sola zikawa nyingi na zenye mwanga mkali kuliko karabai za zamani, na makokoro yakafagia vifaranga pembezoni, kinachobaki kinagawanywa kwa wengi zaidi. Ndo maana 2024 nchi nne zilikubali kupumzisha ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Najua ilivyouma, nimekaa na wenye vipe wakihesabu madeni. Ila dagaa ni samaki wa maisha mafupi, anakua na kuzaa ndani ya mwaka, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni kama miaka kwa ng'ombe. Joto la dunia huwezi kulipunguza ukiwa Ujiji, nyavu unaweza.

Kwa hiyo mkopo wa kipe cha pili kwa maoni yangu hapana. Mkopo unalipwa kila mwezi, ziwa halilipi kila mwezi. Una siku za mbalamwezi usizovua, una uwezekano wa kufungwa tena, una upepo, na una mwelekeo wa miaka mingi ambao hauko upande wako. Kama mdogo wako ana nguvu za kazi, pesa ndogo kwenye chanja za kuanikia zilizoinuliwa na kuhifadhi dagaa wasioze kipindi cha mvua inarudi haraka zaidi, kwa sababu dagaa wengi wanaopotea wanapotea baada ya kutoka majini. Waulize watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Kigoma, na afisa uvuvi, kabla ya kusaini chochote.

Mpira wa maji usisahau, na nenda na mama siku ya kupima akuonyeshe maji ya 64 yaliishia wapi, mti gani, kona ya nyumba ya nani. Wazee wengi wanakumbuka mahali hata wakisahau mwaka. Wapelekee na hilo watu wa bonde, watalifurahia, maana kwenye vitabu tuna kimo cha ziwa lakini hatuna kona ya nyumba ya mtu. Ukipata zile sentimita niandikie tena tuangalie pamoja.